Pipa Lililokaushwa Juani

Nadia aliuliza swali lake siku ya Jumatano, dakika tano kabla ya kengele ya mapumziko. Naikumbuka saa hiyo kwa sababu nilikuwa na haraka. Kama ningejua kwamba ndani ya swali lile alikuwemo mama yake mzima, jina lake na njia yake ya kurudi nyumbani, ningeiacha kengele ilie mpaka ichoke.

Nilikuwa na miezi mitatu tu kazini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya fizikia, nikapewa darasa la nane katika shule iliyo upande wa Simi-Simi, ambako madirisha yetu yanatazama uwanja wa zamani wa ndege. Wanafunzi hamsini na wanne, ubao mmoja, maabara hakuna. Sikulalamika. Niliamini, na hata leo naamini, kwamba mtoto akielewa maada ni nini, nguvu ni nini na nishati ni nini, kuna woga mwingi ambao hautapata tena mahali moyoni mwake. Asubuhi ile nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba maada ni kila kitu chenye uzito na kinachochukua nafasi, na kwamba nishati ni uwezo wa kufanya kazi: kusukuma, kuinua, kupasha moto, kuvunja.

Tunafundisha kwa Kifaransa, lakini swali ambalo mtoto amelala nalo huja kwa Kiswahili. Nadia, msichana wa miaka kumi na minne, mkimya, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu, alisimama kwenye safu ya pili.

“Prof, fût yenye iko vide inaweza kuua mutu?”

Fût ni lile pipa la chuma la lita mia mbili ambalo mafuta huletwa nalo kwa maboti, na vide ni tupu. Darasa likacheka.

“Ikikuangukia kichwa!” alisema mmoja nyuma.

“Sisemi kuanguka. Iko chini, imelala tu, ndani iko vide. Inaweza kupasuka?”

Nilitazama saa. Ubaoni nilikuwa bado na mistari miwili ya kuandika.

“Hapana, Nadia. Kitu hakipasuki bila nishati, na nishati inakaa katika maada. Kama ndani hakuna kitu, ni nini kitapasuka? Pipa tupu haliwezi kuua mtu.”

“Vraiment, prof? Kweli?”

“Vraiment.”

Kengele ikalia. Wenzake wakatoka mbio, lakini yeye alikuja mezani kwangu na daftari lake wazi. “Uniandikie hapa, prof. Kwa Kiswahili. Na usaini.”

Niliona fahari, siwezi kuficha. Ni mwanafunzi gani anayeomba sahihi ya mwalimu chini ya kanuni ya fizikia? Niliandika kwa herufi kubwa na safi: Pipa tupu haliwezi kupasuka wala kuua mtu. Chini yake nikaweka tarehe, jina langu, Anselme, na shahada yangu kwa kirefu. Nadia alisoma, akafunga daftari taratibu, akasema asante kwa sauti ambayo leo ningeitambua mara moja. Siku ile sikuisikia.

Alhamisi hakuinua mkono hata mara moja. Ijumaa hakuja shule.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Mangobo kwa baba yake mkubwa. Wanafunzi walikuwa wameniambia kwamba tonton wa Nadia ni fundi wa kuchomelea vyuma, nami nilitaka anitengenezee mizani ya darasa. Nilifikiri pia nitajua kama mtoto anaumwa. Uwanja wake ulikuwa umejaa mapipa, mengine yamekatwa nusu kuwa majiko ya kukaushia samaki kwa moshi, mengine yamefunuliwa na kunyooshwa kuwa mabati. Mzee mmoja mwenye kofia nyeupe iliyochomwa na cheche hapa na pale alinijia, mikono yote miwili mbele.

“Prof Anselme! Njo wewe? Karibu, karibu sana! Nadia, leta kiti ya prof!”

Alikuwa Papa Zuberi, na ‘njo’ yake ni ‘ndiye’ au ‘ndiyo’ yetu ya vitabuni. Tulikuwa hatujawahi kuonana, lakini alinishika mkono kama mtu anayemshika daktari aliyemponyesha.

“Wewe umetutolea mambo ya miaka sita. Kwa mustari moja tu! Njo ile banaita masomo.”

Nadia alileta kiti, akanisalimu bila kuinua macho. Hakuwa anaumwa.

“Mambo gani, Papa Zuberi?” niliuliza.

Aliingia ndani, akarudi na daftari la Nadia limefungwa kwenye mfuko wa plastiki kama cheti cha kiwanja. Kisha akanieleza, amesimama, kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo lililokwisha.

Mdogo wake, Lukumani, ndiye aliyekuwa baba wa Nadia. Walifanya kazi pamoja uwanjani hapo. Miaka sita iliyopita Lukumani alikuwa anakata fût iliyokuwa na esanse, petroli ya pikipiki na ya injini za pirogi, mitumbwi ya mtoni. Ilikuwa imemwagwa, imekaushwa, imegongwa na kusikika tupu. Meule, ile mashine ya kukatia chuma, ilipogusa tu, pipa likalipuka. Kitako chake kikamgonga kifuani. Hakufika hospitali.

“Batu bote banauliza, fût ya bure, yenye haina kitu, iko na nini ndani ya kuua mutu mukubwa? Nani aliweka kifo mule? Na asubuhi ile, bibi yake Hadidja, mama ya Nadia, alikuwa amegombana naye. Alisema mbele ya majirani, ‘Leo utaona.’ Batu balisikia, prof. ‘Leo utaona.’”

Hadidja alikuwa na maana kwamba atakwenda kwa wazazi wake Yanonge. Hivyo ndivyo alivyosema yeye, na hakuna aliyemsikiliza. Alipewa siku tatu za kulia, akaambiwa aondoke, mtoto abaki. Tangu hapo alikaa Yanonge, akiuza samaki, na kila mwaka alituma mtu kuomba arudi alee binti yake. Kila mwaka jibu lilikuwa moja: mlozi harudi alipoulia.

“Mwaka hii mi nilichoka,” alisema Papa Zuberi. “Mi si mutu mubaya. Nilisema, bon, tuulize mutu wa masomo, mwenye hajui mambo yetu. Nikamwambia huyu mutoto, uliza prof yako kama fût ya bure inaweza kuua. Akisema ndiyo, mama yako anarudi. Akisema hapana, tusiongee tena mpaka Kiyama. Na aandike kwa mukono yake.”

Nilimtazama Nadia. Alikuwa amesimama kando ya mlango, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

“Mbona hukuniambia?” nilimuuliza.

“Tonton alisema nisikuambie, prof. Ili usinionee huruma. Nilitaka jibu iwe ya kweli.”

Jana yake, Ijumaa, baada ya sala, Hadidja alikuwa amekuja kwa pirogi kutoka Yanonge. Wazee wa ukoo walikaa kwenye mikeka. Yeye alikalishwa peke yake, upande wa mlango wa uwanja. Na kwa kuwa Nadia ndiye anayesoma vizuri kuliko wote, walimpa yeye daftari asome mstari wangu, kwa sauti, mbele ya mama yake.

“Alisema nini?” niliuliza. “Mama yake, alisema nini?”

Papa Zuberi alifikiri kidogo. “Hakulia. Aliuliza tu, ‘Nani huyu Anselme?’ Kisha akachukua mufuko yake akaenda beach, kule bandarini, kutafuta pirogi.”

Kichwani mwangu maneno yalikuwa yanapangwa, yale ya darasani, maada, nafasi, nishati, na kila neno lilikuwa linageuka na kunitazama. Wiki iliyokuwa inakuja nilipaswa kufundisha kwamba hewa nayo ni maada. Nilikuwa nimekwisha kuandaa somo: chupa tupu, puto, ndoo ya maji. Ningewaambia watoto kwamba hakuna chupa tupu duniani. Na Jumatano, kwa sababu ya kengele, nilikuwa nimesaini kinyume chake.

“Sasa ile woga imetoka,” Papa Zuberi alikuwa anaendelea, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli. “Miaka sita sijagusa fût ya esanse hata moja. Nakata ya mazout ya malori tu, na ya mafuta ya ngazi, ya mawese. Lakini kama fût haina kosa, mbona niogope? Mama Adèle anataka jiko ya samaki, na umeme ya Tshopo imerudi leo asubuhi. Nikate upesi kabla haijaenda.”

Mama Adèle, jirani yake, mwanamke mnene mwenye kucheka, alikuwa ameketi kivulini kusubiri jiko lake. “Ukate, ukate! Samaki yangu inaoza, wewe unaongea na prof.”

Ndipo nilipoliona. Lilikuwa katikati ya uwanja, limelala juani, rangi yake ya buluu imebabuka. Papa Zuberi alilisogelea na kunionyesha kazi yake kama fundi anayejua kila hatua. Waliligeuza kichwa chini tangu alfajiri ya jana mpaka tone la mwisho likaanguka. Kisha wakafunga bouchon, kile kizibo cha chuma, kwa ufunguo, kwa nguvu zote, mvua isiingie. Kisha juani, siku nzima, likauke. Ndivyo baba yake alivyofanya, ndivyo yeye anavyofanya. Mwisho aliinama akaligonga mara tatu kwa pete yake.

Lililia kama kengele.

“Umesikia? Iko vide.”

Aliokota meule. Waya wake ulikuwa umekwisha kuchomekwa.

“Papa Zuberi, ngoja.”

“Dakika mbili tu, prof.”

“Ngoja! Toa waya! Nadia, toa waya!”

Sijawahi kupiga kelele namna ile maishani mwangu. Nadia aliruka akauvuta waya. Mama Adèle akasimama. Papa Zuberi alibaki na meule mkononi, amekasirika kidogo, amecheka kidogo.

“Prof, unaogopa nini? Si wewe njo uliandika?”

“Nipe ufunguo wa kizibo.”

Chuma kilikuwa cha moto, nilikishika kwa kitambaa. Nilizungusha nusu mzunguko, kisha robo. Na pipa likapumua. Fsss, refu, kali, hewa ya moto ikanipiga kifundo cha mkono, na harufu ya esanse ikajaa uwanja mzima.

Nadia alikuwa amesogea karibu, waya bado uko mkononi mwake.

“Prof,” alisema polepole, “kama iko vide, nini ilitoka?”

Nimefanya mitihani mingi. Nimesimama mbele ya maprofesa watano nikitetea kazi yangu. Hakuna swali lililowahi kunivua nguo kama lile.

“Nilikosea, Nadia,” nilisema. “Papa Zuberi, nilikosea. Pipa hili si tupu. Pipa lile la Lukumani halikuwa tupu.”

“Ndani hamuna hata tone!”

“Hamna tone kwa sababu tone limegeuka mvuke. Umelianika juani, jua limelipasha moto, na mvuke umeshindwa kutoka kwa sababu umefunga. Hauuoni, lakini una uzito, unachukua nafasi, unasukuma. Umeusikia sasa hivi. Cheche moja ya meule ikiingia, mvuke wote unaungua kwa mara moja, na kitako cha pipa kinaondoka.”

“Hizo ni maneno,” alisema Papa Zuberi. Furaha ilikuwa imemtoka. “Jumatano maneno yako yalikuwa mengine.”

Alikuwa na haki. Maneno yangu hayakuwa na uzito tena katika uwanja ule. Nilitazama huku na huku. Pembeni mwa Mama Adèle kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, lile lenye kifuniko cha kubana, ameweka karanga ndani.

“Mama Adèle, niazime kopo lako.”

“Na karanga zangu?”

“Mimina kwenye kitambaa.”

“Ee, prof anataka kutufanyia magie ya mazingaombwe sasa.” Lakini alimimina.

Nilitoboa kwa msumari tundu dogo karibu na kitako cha kopo. Nilimwomba Papa Zuberi achovye kijiti kwenye tangi la pikipiki yake, yeye mwenyewe, anidondoshee matone ndani ya kopo. Nilihesabu kwa sauti. Saba. Kisha nikafunga kifuniko kwa kiganja, nikalishika kopo juani kidogo, nikalitikisa, nikalifungua nusu, nikamwonyesha.

“Unaona esanse?”

Aliangalia. “Sioni.”

“Ligonge.”

Aliligonga kwa pete. Likalia.

“Ni tupu?”

Aliligonga tena, akalinusa.

Nilikaza tena kizibo cha pipa, nikafunga kopo, nikaliweka chini mbali na pipa, nyuma ya ukuta, nikawaomba wote wakae kando ya mlango. Nilifunga njiti ya kiberiti kwenye ncha ya mti mrefu wa kuanikia nguo, nikaiwasha, nikaupeleka moto kwenye tundu.

Niliujua mlipuko huo kwa hesabu tu. Kitabuni ni mshale mwekundu na herufi mbili. Pale ulikuwa kishindo kilichonipiga tumboni. Mama Adèle alimwita Yesu. Kifuniko kilipanda juu ya paa, juu ya mpapai wa jirani, kikazunguka huko kinang’aa, kisha kikaanguka juu ya mabati na kubingirika mpaka ukingoni. Kopo lilikuwa limeruka hatua mbili na kulala ubavu, linatoa moshi mwembamba.

Watu walitokea kwenye ua. Nadia alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Papa Zuberi alikuwa hajasogea.

“Ulitia ngapi?” aliuliza.

“Saba. Wewe ndiye uliyetia.”

“Matone saba.”

“Kwa pipa la lita mia mbili, vijiko viwili vya supu vinatosha,” nilisema. “Vile vinavyobaki kwenye mikunjo ya chuma hata baada ya kumwaga. Likiwa limejaa kabisa haliwezi kulipuka hivi, kwa sababu hamna nafasi ya hewa ndani. Lililomwagwa vizuri, likakaushwa vizuri, ndilo baya zaidi.”

Nilisema hivyo kwa haraka, kwa shauku ya mwalimu ambaye hatimaye somo lake limefaulu. Nilifikiri nimemwokoa mtu na nimemrudisha mwingine nyumbani. Sikuona nilichokuwa ninafanya mpaka Papa Zuberi alipovua kofia yake.

“Na kama bouchon ingekuwa wazi?” aliuliza.

“Mvuke mwingi ungetoka. Si salama bado, dawa ya kweli ni kujaza maji. Lakini…”

“Lukumani alitaka kuiacha wazi.” Alisema kwa sauti ndogo, akitazama kopo. “Alisema, yaya, kaka yangu, tuache ipumue. Nikamwambia wewe ni muvivu, mvua itaingia, itapata kutu. Mi njo nilifunga. Na ufunguo hii. Nilikaza na muguu.”

Nilihisi kama mtu aliyevuta uzi kwenye nguo akaona nguo yote inafumuka. Nilimkimbilia, nikashika bega lake. “Papa Zuberi, si wewe. Hukujua. Ni mvuke tu.”

Aliinua uso. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilinitisha kuliko machozi.

“Unaona, prof? Kwangu mi, dakika moja haijaisha, unasema ni mvuke tu. Kwa Hadidja, miaka sita, hakuna mutu alisema ni mvuke.”

Aliketi chini, pale pale kwenye vumbi la chuma. Nadia alimwendea. Niliogopa kwamba atamwambia neno ambalo halitafutika, na alikuwa na haki nalo. Alichuchumaa mbele yake, akaweka waya wa meule chini.

“Tonton,” alisema, “kesho twende tumuchukue.”

Jumapili asubuhi tulikuwa watatu kwenye pirogi ya injini, na kopo la maziwa likiwa magotini mwa Papa Zuberi pamoja na kifuniko chake kilichobonyea. Alilishika hivyo mpaka Yanonge. Mara moja tu aliangalia tangi la esanse nyuma ya dereva, akasogea mbele kidogo.

Hadidja tulimkuta nyuma ya nyumba ya kaka yake, anageuza samaki juu ya moshi, kwenye nusu ya pipa. Alikuwa mwembamba, mwenye mwandiko wa Nadia usoni, kama naweza kusema hivyo: kila mstari mahali pake. Alimkumbatia binti yake kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi, shati langu, viatu vyangu vya shule.

“Njo wewe Anselme.”

“Ndiyo, mama. Nimekuja kukuomba msamaha. Niliandika uongo na kuusaini.”

Nilimweleza yote. Alisikiliza huku mkono wake ukiendelea kugeuza samaki, mmoja baada ya mwingine. Nilipomaliza, Papa Zuberi aliweka kopo chini mbele yake.

“Hadidja. Bouchon ya ile fût, mi njo nilifunga. Lukumani alikataa, mi nikalazimisha. Haukufanya kitu. Urudi.”

Mkono wake ulisimama. Aliangalia kopo, kisha kile kifuniko.

“Kitu kidogo hivi?” alisema. “Miaka sita nalala nawaza, pengine kinywa yangu njo ilimuua. ‘Leo utaona.’ Kila asubuhi naisikia. Nilianza kuamini, Zuberi. Unasikia? Nilianza kuamini mi mwenyewe.”

Hilo ndilo sikulitegemea. Nilikuwa nimefikiri kosa langu limemnyima nyumba. Sikujua kwamba lilikuwa limefika mpaka mahali ambapo mtu anajijua.

“Urudi leo,” alisema Papa Zuberi.

“Leo hapana.”

“Mama!” Nadia alisema.

“Leo hapana, mwanangu.” Alimgeukia shemeji yake. “Nilifukuzwa mbele ya batu. Ijumaa nilikaa kwenye mulango kama mwizi, batu bote banatazama. Sasa unanirudisha jikoni, nyuma ya nyumba, na kopo? Ijumaa yenye inakuja, ubaite batu bote. Mikeka ile ile. Ulipue kopo wewe mwenyewe, si prof. Na useme nani alifunga bouchon. Halafu nitaingia.”

Papa Zuberi alikuwa mkubwa wa ukoo wake. Aliokota kifuniko, akakirudisha juu ya kopo.

“Nitasema,” alijibu.

Sitasahau Ijumaa ile. Wazee walikuja baada ya sala, wamekunja nyuso, wakidhani fundi amerukwa na akili. Hadidja alisimama nje ya mlango wa uwanja na mfuko wake, hakukubali mkeka wala kiti. Nadia alifungua daftari kwenye ukurasa ule. Mstari wangu ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu, na chini yake nilikuwa nimeandika upya, kwa herufi zile zile kubwa, kwamba pipa lililobaki na mvuke wa esanse linaweza kupasuka na kuua, kwamba mwandishi alikosea tarehe fulani, na kwamba hakuna mtu aliyeweka kifo mle ndani. Alisoma yote kwa sauti.

Kisha Papa Zuberi akadondosha matone saba. Alihesabu kwa sauti. Kopo likalipuka, na mzee mmoja akaanguka chali kwenye mkeka, fimbo yake huko, kiatu huku. Watu walikuwa bado wanapiga kelele aliposema, na ilimbidi arudie mara mbili mpaka wote wasikie.

“Mi njo nilifunga bouchon. Sikujua. Lakini mi njo nilifunga.”

Wazee waligeuka. Walimtazama, na niliona hesabu ikiendelea katika kila uso: nani alisema nini miaka sita iliyopita, nani alibeba mfuko wa Hadidja mpaka barabarani. Mzee aliyeanguka hakujaribu kuinuka.

Hadidja aliingia. Hakumsalimu mtu kwanza. Alikwenda moja kwa moja mpaka katikati ya uwanja, kwenye lile pipa la buluu la Mama Adèle, lililokuwa limesimamishwa wima, kizibo wazi. Aliinama akaligonga kwa kidole mara tatu, kama alivyowaona wakifanya miaka yote aliyokuwa mke wa nyumba ile.

Halikulia. Lilitoa sauti nzito, fupi, na maji yakacheza kidogo kwenye tundu, yakamwagika ubavuni.

“Iko na maji,” alisema Papa Zuberi nyuma yake. “Mpaka juu. Nilijaza asubuhi.”

Alibaki ameweka kiganja kwenye chuma kwa muda, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha akaweka mfuko wake chini.

“Bon,” alisema. “Kata sasa. Mi niko hapa naangalia.”